Dirisha la Tatu la Ukumbi wa Gwaride

Nilipokuwa nafunga begi kuja Doha, mama alinipa kazi moja tu. "Ukifika, tafuta mahali kaka yako alipoangukia. Simama hapo hapo, umwite, umwambie twende nyumbani. Kisha nyamaza."

Kwetu magharibi ya Kenya, mtu akifia ugenini, kuleta maiti hakumalizi kazi. Mtu wa damu yake lazima aende pale alipoanguka, amwite kwa jina la ukoo, ndipo aijue njia ya kurudi. Na lipo sharti moja lisilochezewa: jina likishaitwa, asiitike mtu yeyote aliye hai. Ukiitika, yule anayeitwa anaona nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na anabaki huko huko. Mchungaji wetu alikuwa amehubiri dhidi ya mila hizo akazimaliza, na mimi nilikuwa upande wake. Lakini mchungaji hakulala nyumba moja na mama. Tangu tumzike kaka, mama aliuacha mlango wa jikoni wazi, mvua inyeshe isinyeshe, na ukiufunga alikuwa anainuka kimya kimya na kuufungua. Mbuzi waliingia wakala unga.

Kaka alinitangulia Qatar katika ile miaka ya elfu mbili, wakati hata kuionyesha nchi hiyo kwenye ramani kulikuwa kubahatisha. Aliandikwa kazi ya ulinzi na hakumaliza mwezi wa pili. Mlinzi mwenzake aliyelisindikiza jeneza alituambia kwamba walikuwa kwenye mafunzo, ndani ya ukumbi wa zamani wa jeshi, ule wa gwaride, joto likamzidi akaanguka akiwa mstari wa mbele. Basi. Hatukumwuliza zaidi, maana nani huuliza ramani matangani? Kufikia wakati ninasafiri mimi, miaka kadhaa baadaye, bwana huyo alikuwa amehamia Sudan Kusini na simu yake haipatikani, na kampuni iliyowaajiri ilikuwa imefungwa. Nilishuka uwanja wa ndege nikiwa na maneno matatu tu ya kuanzia: ukumbi, gwaride, jeshi.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira, na Doha haimfai mtu kama mimi.

Wiki mbili za kwanza sikutafuta chochote, maana na sisi tulipelekwa mafunzoni. Kampuni yangu ilikuwa imekodi jengo ambalo kila mtu aliliita stoo ya viti. Nyuma kulikuwa na viti vya harusi vilivyopangwa hadi karibu na dari, vya rangi ya dhahabu, vimevishwa vitambaa vyeupe, na mbele yake sisi, Wakenya, Waganda na Wanepali, tukikanyaga sakafu kuanzia asubuhi. Mkufunzi alikuwa askari mstaafu kutoka Pakistan mwenye sauti ya kupasua bati. Tulitoka mlangoni hatua thelathini na mbili kamili, tukasimama mistari mitatu. Akisoma jina lako la ukoo, unagonga visigino na kuitika "Sa!", yaani bwana, kabla hajafika kwenye herufi ya mwisho. Ukichelewa, mnaanza wote upya. Na macho hayaruhusiwi kucheza. Juu ya ukuta wa mkono wa kulia kulikuwa na madirisha manne madogo, na la tatu lilikuwa limezibwa kwa matofali yasiyofanana na ukuta. Macho yetu yalitakiwa kukaa hapo. "Eyes on the blocked window!" alikuwa anafoka, na sisi tunakodolea matofali mpaka machozi yanatoka.

Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi siku kikipenda. Nililichukia jengo lile kwa moyo wangu wote, na siku ya mwisho nilitoka bila kugeuka.

Nikapangiwa mapokezi ya jengo moja la fleti huko The Pearl, ambako kazi yangu ilikuwa kufungua mlango wa kioo ambao unajifungua wenyewe. Malazi yalikuwa Al Mansoura, watu wanane chumba kimoja, na siku ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Nikaanza kutafuta Ijumaa hizo.

Hebu fikiria jambo lenyewe. Mgeni, mweusi, amevaa sare ya ulinzi, anazunguka mjini akiuliza jengo la jeshi lilikuwa wapi. Sikuona ubaya wake hata kidogo. Kwetu ukitaka kujua kambi iko wapi unamwuliza mama muuza ndizi. Niliuliza kwenye duka la chai, nikauliza kwa kinyozi, nikaenda mpaka ofisi moja ya serikali siku niliyoomba ruhusa ya kwenda hospitali. Kijana wa kaunta alinisikiliza vizuri, akachukua nakala ya kitambulisho changu, akasema bukra, yaani kesho. Kesho yake sikuweza kwenda. Badala yake aliyeitwa ni supavaiza wangu, Mkenya mwenzangu, na akanijia The Pearl akiwa amevimba.

"We uko sawa kweli?" akaniuliza, tukiwa nyuma ya dawati, akitabasamu kwa ajili ya wapangaji waliokuwa wakipita. "Unaenda ofisi za wenyewe kuuliza mambo ya jeshi? Unataka waseme Wakenya ni maspai? Watakudeport leo leo, na mimi nitaulizwa nilikuwa nasimamia nani."

"Bosi, ni kaka yangu alikufia hapo."

"Pole. Lakini kaka yako ako Kenya, amezikwa. Wacha hiyo story."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikafungua mlango wa kioo unaojifungua wenyewe.

Mama naye hakuacha. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia, na kabla ya kuuliza habari ya afya yangu aliuliza, "Umefika?" Nilikuwa Doha mwaka wa pili tayari. Nikimwambia bado, anasema haya, na simu inakatika. Heri angenigombeza.

Ikafika mahali nikajidanganya. Mnepali mmoja tuliyelala naye chumba kimoja aliniambia ameliona jengo refu la zamani karibu na barabara ya pwani, lenye uzio, na amesikia lilikuwa la askari. Ijumaa ile nilivaa shati jeupe. Nilipanda basi mbili, nikatembea juani hadi kichwa kikawa kinagonga, na nikalikuta kweli: refu, lina paa la bati, lina lango la chuma. Nikavua kofia. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nilipoona kibao kilichoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba ile ni klabu ya michezo ya wavulana, na mwaka wa kujengwa kwake ulikuwa ule ambao kaka alikuwa amekwisha kuzikwa. Ningemwita kaka yangu kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Niliketi kwenye ukingo wa barabara nikacheka, kisha nikalia kwa hasira, na dereva wa teksi akapunguza mwendo kuangalia kama ninataka usafiri.

Aliyeniokoa ni mtu wa Mombasa, dereva wa familia moja ya wenyeji, ambaye tulifahamiana kwa sababu mabosi wake walikuwa na fleti jengo langu. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi na Kiarabu chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa nacho. Siku moja akingoja watu wake, nilimwaga yote. Akanisikiliza akizungusha funguo kidoleni.

"Sasa wewe wauliza vinyozi wa Kihindi habari za jeshi la Waarabu?" akasema. "Si ungeniuliza mimi? Mzee wetu, babake bosi, alikuwa jeshini ujana wake wote. Alikuwa afundisha gwaride, bwana. Hapo alipo hata chai aipokea amenyoosha mgongo."

Miaka miwili nilikuwa nikimfungulia huyo mzee mlango. Miaka miwili nimemwambia asalaam aleikum, naye amenijibu. Sijui kama niliwahi kujikasirikia zaidi ya siku hiyo.

Alinipeleka Jumamosi moja mchana, baada ya kuniombea ruhusa. Mzee alikuwa peke yake kwenye majilisi, sebule yao ya wageni, miguu imefunikwa blanketi ijapokuwa nje kulikuwa kunachoma. Tulimwita ammi, kama wanavyomwita baba mdogo, na akatumiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Dereva akaeleza kisa changu. Mzee alikuwa ananitazama mimi muda wote, si dereva. Kisha akaagiza aletewe albamu.

Picha yenyewe ilikuwa ndogo na imepauka. Vijana wamesimama mistari mitatu ndani ya ukumbi mrefu. Mzee alijionyesha, kijana mwembamba pembeni mwenye fimbo kwapani. Mimi sikumwangalia yeye. Nilikuwa naangalia ukuta wa kulia, juu, ambako kulikuwa na madirisha manne madogo, na ndani ya la tatu kulikuwa na feni kubwa ya chuma.

Nilisahau kikombe mkononi hadi kahawa ikamwagika kwenye zulia la watu.

"Mwambie anieleze hiyo feni," nikamwambia dereva.

Mzee akaeleza polepole, na dereva akitafsiri kwa vipande. Ukumbi ulijengwa kwa sababu ya jua. Kurutu walikuwa wakifanyia gwaride uwanjani, na wakati wa kiangazi soli za viatu zilikuwa zikilainika. Wakajengewa paa. Lakini paa bila upepo likawa tanuri, na vijana wakaanza kuanguka ndani badala ya nje. Wengi walizinduka wakimwagiwa maji. Mmoja wa mstari wake mwenyewe, mtoto wa jirani yao, hakuzinduka. Baada ya hapo mzee na wenzake walikataa kuingiza kurutu ndani mpaka litobolewe dirisha na kuwekwa feni ya kuvuta hewa ya moto itoke.

"Asema, baada ya feni hakuanguka mtu tena," dereva akatafsiri. "Miaka yote aliyokaa pale."

"Na ikaenda wapi?"

Mzee akatikisa kichwa hata kabla swali halijaisha kutafsiriwa. Jeshi lilipata kambi kubwa nje ya mji na ukumbi ukafungwa. Baadaye mfanyabiashara akaukodi kuwekea viti vya harusi. Mzee aliwahi kupita siku moja akakuta mafundi wanaishusha feni, akawauliza kwa nini. Wakamwambia inaingiza vumbi, na vumbi linachafua vitambaa vya viti. Wakaziba kwa matofali. Mwenye viti akaanza kuwapangisha watu wa kampuni za ulinzi ile nafasi ya mbele, wafanyie mazoezi, maana ilikuwa inakaa bure.

Viti. Nilimwomba dereva arudie, nikidhani amekosea. Akarudia. Kaka yangu alikosa hewa ili vitambaa vya viti vibaki vyeupe, na viti vyenyewe nilivijua, vilikuwa nyuma yangu wiki mbili nzima. Na lile dirisha niliamriwa kulitazama, nikalitazama kwa utiifu mkubwa mpaka machozi yakanitoka, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza ni nani aliliziba na kwa nini. Ndivyo tulivyofunzwa: jicho linakaa pale lilipowekwa. Nilikuwa nimesimama mahali nilipotumwa na mama, asubuhi kumi na mbili, na nilichokuwa nikiwaza ni lini nitaruhusiwa kutoka.

Mzee alisema neno moja la mwisho akinishika mkono. Dereva alikawia kulitafsiri. "Asema, lau angejua wataingiza watu tena, angeenda kuwaambia habari ya feni."

Ijumaa iliyofuata nilikuwa njiani mapema, nikiwa na shati lile lile jeupe. Jengo halikuwepo.

Sikuamini, nikarudi hadi kona na kuanza tena. Lile sanduku kubwa la umeme lililokuwa kando ya mlango lilikuwepo bado, lina mchoro ule ule wa fuvu la kichwa, lakini nyuma yake kulikuwa na lami tupu na magari yamepangwa. Walikuwa wamelibomoa mwaka huo, wakafanya maegesho. Langoni alikuwa ameketi mlinzi Mganda chini ya mwavuli.

"Wewe brother, hapana ingia," akasema. "Iko na gari?"

"Sina gari. Nataka kusimama hapo ndani dakika tano tu."

"Bila gari nasimama kufanya nini? Leta karatasi ya ofisi."

Nilimtazama, na aliyekuwa ameketi pale ni mimi. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaambia watu The Pearl kila siku, kwa sauti hiyo hiyo. Nilimweleza habari ya kaka, nikiwa sina hata nguvu ya kukasirika. Akanisikiliza. Akaangalia barabarani kushoto na kulia. "Dakika tano," akasema. "Boss anakuja saa tatu."

Sikuwa na ukuta wala dirisha la kunielekeza. Nilikuwa na sanduku la umeme na miguu yangu tu. Nikasimama pale mlango ulipokuwa, nikanyoosha mgongo na kuanza kuhesabu hatua, zile zile za Mpakistani, mikono ikipanda hadi mabegani kwa sababu bila mikono hatua zinakuwa fupi. Mganda alikuwa anacheka chini ya mwavuli na sikumlaumu. Nilizunguka gari moja, nikajibana kati ya mawili. Hatua ya thelathini na mbili ilinifikisha mbele ya gari kubwa jeupe, boneti yake ikinigusa mapaja. Mstari wa mbele. Nikageukia kulia, nikainua macho mahali palipokuwa na dirisha. Kulikuwa na anga tu.

Nikaliita jina la ukoo wetu kwa sauti, kama mama alivyonifundisha.

Na visigino vyangu vikagongana, na mdomo wangu ukasema, "Sa!"

Ilitoka kabla sijafika kwenye herufi ya mwisho. Nilibaki nimekakamaa hapo, mikono imebana mapajani, nikilisikia neno hilo likiishia kwenye magari. Mpakistani alikuwa amenifundisha vizuri. Jina hilo hilo lilikuwa limeitwa hapo asubuhi kumi na mbili, na kila mara nilikuwa nimewahi kuitika.

Nilimpigia mama palepale, kwa kuwa nilijua nisipomwambia wakati huo nitamdanganya. Akapokea. "Umefika?"

"Nimefika, mama. Nimemwita."

Nilisikia pumzi zake. "Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Niliitika mimi. Ni mazoea ya kazi, mama, sikukusudia. Ngoja nirudie sasa hivi, bado nimesimama hapa hapa."

"Hapana." Sauti yake ilikuwa kali, sikuizoea. "Alipoangukia mtu haitwi mara mbili, si mchezo wa watoto." Kisha akasema kwa upole, jambo lililonitisha zaidi: "Kama umeitika wewe, basi yuko na wewe, baba. Hawezi kuja mwenyewe tena. Itabidi umlete."

Mganda alikuwa ananipungia mkono nitoke.

Mtu angedhani baada ya hapo nilipanda ndege. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini, na bila karatasi ya ruhusa hutoki nchini. Niliomba likizo nikaambiwa zamu yangu haijafika. Niliomba ya dharura nikaulizwa nani amekufa. Nikasema kaka yangu. Wakataka cheti, nikawapa, wakasoma mwaka, karani akawaonyesha wenzake, wakanirudishia. Supavaiza akanionea huruma kwa namna yake, akanishauri niseme mama ni mgonjwa. Nilikataa, maana sikutaka kumtamkia mama ugonjwa. Niliendelea kufungua mlango wa The Pearl miezi saba mingine. Mzee akipita alikuwa anasimama kidogo, ananishika bega na kuuliza kwa Kiarabu kama nimepata ruhusa ya kwenda nyumbani. Bado, ammi. Bukra.

Ruhusa ilipotoka hatimaye, nilifika nyumbani saa nne asubuhi, nikiwa na begi moja. Mama hakuja kunipokea stendi. Nilimkuta amesimama ndani ya lango, amevaa nguo ya kanisani, na akaniashiria kwa kiganja nisimame. Sikusalimiwa. Akaniongoza hadi kwenye kaburi la kaka, nyuma ya migomba, akanisimamisha kichwani, yeye akaenda miguuni.

Akaliita jina.

Kisigino kiliinuka, nikakikandamiza kwenye udongo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno na nikauma ulimi juu yake hadi nikaonja damu. Mama alikuwa ananitazama mdomo. Alingoja muda mrefu. Majani ya migomba yalitikisika, yakatulia, akaendelea kungoja. Sikuitika.

"Haya," akasema.

Akanipita, akanigusa shavu kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaenda zake nyumbani. Nilikuwa bado nimesimama kando ya kaburi, sijui kama ninaruhusiwa kusogea, niliposikia akiufunga mlango wa jikoni.